Kibiriti Nyuma ya Gurudumu

Niliingia Kigali nikiwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi. Safari ilikuwa imeanza Tabora, wiki nyingi nyuma, baada ya matokeo ya kidato cha nne kunionyesha kwamba shule na mimi tumeachana. Nilipanda treni hadi Mwanza, nikabeba mizigo sokoni hadi nikachoka na harufu ya dagaa, nikavuka ziwa hadi Bukoba, nikadandia lori hadi Biharamulo na jingine hadi Ngara. Ngara nililala siku nne kwenye baraza la duka la mtu, mpaka dereva mmoja Msukuma aliponihurumia. Daraja la Rusumo tulilivuka asubuhi, maporomoko yakinguruma chini yetu, maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo ya pili dereva aliacha upande wa kushoto wa barabara akahamia wa kulia. "Kuanzia hapa," aliniambia, "kila ulichozoea, kigeuze."

Vita vilikuwa na miezi michache tu, huko kaskazini. Njia ya Uganda ilikuwa imefungwa, shehena zote zikipitia kwetu, na Watanzania tulipata kazi kwa sababu hiyo. Mzee mmoja wa kwetu, ambaye wote tulimwita Tajiri, alikuwa na duka la vipuri vya magari mjini. Alinipa kazi ya kuuza. Baada ya wiki moja aliniona nimempa mteja sahani ya klachi badala ya ngoma ya breki, akashika kichwa.

"Wewe hujawahi kuendesha gari?"

"Hapana, mzee."

"Nenda Nyamirambo ukamwulizie Mwalimu. Na usiulize mwalimu yupi, watakucheka."

Ndivyo nilivyomfahamu. Jina lake nililiona kwenye cheti changu cha mafunzo, lakini sikuwahi kulisikia kinywani mwa mtu, hata kinywani mwa mkewe. Watu wa pale walimwita Mwarimu, kwa ile r yao laini, na nusu ya madereva wa mjini walikuwa wamepita mikononi mwake. Alikuwa mrefu, mkavu, kofia nyeupe kichwani, koti la suti juu ya kanzu hata jua likiwaka. Kidole cha gumba cha mkono wa kulia kilikuwa na sugu ya miaka mingi ya kushika fimbo ya gia.

Gari lake lilikuwa dogo, la Kifaransa, la bluu iliyopauka. Fimbo ya gia ilitokeza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Unaivuta, unaizungusha, unaisukuma. Gia aliita vitesi, klachi ambreyaji na breki feri, kwa Kifaransa kilicholainishwa cha pale. Alinipeleka kwenye mteremko mkali chini ya msikiti, akasimamisha gari likitazama juu, akavuta breki ya mkono na kuniambia nishuke nitazame. Akatoa kibiriti mfukoni, akainama na kukisimamisha nyuma ya gurudumu, karibu kabisa na mpira.

"Sasa ingia, uondoke," alisema. "Ukisikia *kra*, umeua mutu. Kibiriti ni mutu. Labda ni mama ya mutu."

Nilisikia *kra*. Nilisikia *kra* mara kumi na moja katika wiki tatu. Kila mara alishuka, akaokota kibiriti kilichobondwa, akakitia mfuko wa kushoto wa koti, akatoa kizima mfuko wa kulia. Wanafunzi wengine walivunja viwili au vitatu. Katika mtaa wote wa Nyamirambo nilijulikana kwa idadi yangu. Wauza mandazi waliniuliza, "Mutanzania, leo umeua wangapi?"

Kilichonishinda ni kwamba nilitazama miguu yangu. Yeye alitaka nisikilize. Alinifunga macho kwa kitambaa gari likiwa limesimama, injini ikiunguruma, akaniamuru niachie klachi taratibu mpaka nilisikie gari likijiinua mbele kidogo kama mtu anayetaka kusema jambo.

"Umva," alisema, yaani sikiliza. "Hapo. Hapo ndipo gari iko inakuuliza, twende? Weye unajibu kwa mafuta. Usijibu mbele haijauliza."

Siku kibiriti cha kumi na mbili kilipobaki kizima, hakunipongeza. Alikiokota, akawashia sigara yake, akanipa njiti moja niitunze. Nimeishi katika miji saba tangu wakati huo na nimeipoteza katika mmojawapo, sijui upi.

Kuhusu gari otomatiki alikuwa na msimamo ambao ungeweza kuusikia kabla hujamuuliza. Siku moja alikuja kujifunza mama mmoja, karani wa ofisi moja ya serikali kule Kacyiru, mwanamke mnene, mwenye maneno. Nilikuwa kiti cha nyuma nikisubiri zamu yangu. Gari lilizimika mara ya tano katikati ya kilima.

"Mwarimu," alisema mama yule, akipangusa jasho, "kwa kwenda kazini na kurudi tu, si heri otomatiki? Unaweka, inaenda."

"Kazini ni wapi?"

"Kacyiru."

"Kutoka Gisozi. Sawa. Asubuhi unashuka mpaka bondeni, unapanda. Jioni unashuka, unapanda. Ukishuka na vitesi ya pili, moteri inakushikia gari. Ukishuka na otomatiki, unashikilia feri mpaka inanuka. Batri ikikufa, hii unaisukuma kwa mulima, inawaka. Ile unaisukuma mpaka Tanganyika, haiwaki. Ikiharibika, nani ataifungua? Hapa Kigali yuko fundi moja tu, na yeye akiifungua hairudishi vyote."

"Na faida yake haina hata moja?"

"Iko nayo. Ni ya mutu iko na muguu moja, na mutu iko na haraka ya kuzeeka."

"Basi mimi niko na miguu mbili, watoto wane na bwana moja," alijibu mama yule, "na miguu yote inachoka. Unitafutie ya mutu wa muguu moja."

Tulicheka mpaka gari likatikisika. Mwalimu pia alicheka, lakini niliona mkono wake wa kushoto ukishuka kwenye goti na kulibana. Sikutilia maanani.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Aliwahubiria wanafunzi upole, naye akigombana na wapita njia hadi mate yanaruka. Alisema dereva mzuri hapigi honi. Honi yake ilikuwa imekufa kwa kupigwa. Alisema gari ni chuma tu, asilipende mtu, na kila Ijumaa baada ya swala aliliosha yeye mwenyewe, akifuta hata ndani ya taa. Alidharau otomatiki, lakini alikuwa amemwendeshea Mzungu mmoja wa kahawa kwa miaka, na Mzungu yule, mbali na gari la kazi, alikuwa na otomatiki nyeupe ya Kijapani. Mkewe ndiye aliyenieleza kwamba siku za Jumapili Mwalimu alikuwa akiiendesha ile nyeupe peke yake, polepole, na kurudi nyumbani ametulia kama mtu aliyetoka kunyolewa.

Mkewe tulimwita Mama Hadija. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, mpole, mwenye kicheko cha chini chini. Hadija, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa Bukoba, na mama yake aliniuliza habari za Bukoba kana kwamba nimetoka huko jana. Soko liko upande gani? Ndizi wanazipikaje? Mvua je? Katika kitambulisho cha Mwalimu kulikuwa na neno moja la kabila, katika cha mkewe lingine, na lile la mkewe ndilo lililokuwa likitafutwa. Kabla sijafika Kigali, vita vilipoanza, askari walimchukua Mama Hadija wakamweka kwenye uwanja wa mpira pamoja na mamia ya wengine. Alipoachiwa, mumewe alikuwa amekaa ndani ya gari la bluu mbele ya lango la uwanja siku zote hizo, akila ndani, akilala ndani. Hawakuwahi kunisimulia. Niliambiwa na majirani. Baada ya hapo Mama Hadija alikuwa na ombi moja tu maishani, apelekwe kwa binti yake.

"Nitakupeleka mimi," Mwalimu alimwambia. "Si basi. Basi watakushusha. Kwa gari yangu, mimi kwa usukani, wananijua."

Na kweli walimjua. Askari wengi wa kwenye vizuizi vya barabarani, *bariyeri* kama walivyoviita, walikuwa wanafunzi wake. Walimpigia saluti ya utani: "Mwarimu, kibiriti iko wapi?" Kwa hiyo hakuna aliyeona haraka. Wiki ijayo. Mwezi ujao. Mvua ikikatika.

Kilichokuwa kikichelewesha ni goti. Alilificha kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani inawezekana. Alijifunza kukanyaga klachi kwa kulisukuma paja kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa mwalimu hukaa kiti cha abiria, nani angemwona? Mama Hadija alikuja dukani siku moja, akasubiri wateja watoke.

"Mwanangu, jana ameanguka chooni. Asubuhi akatoka, akapanda gari, akafika kona ya msikiti akarudi. Anasema petroli imeisha. Petroli haikuisha."

"Umemwambia aende hospitali?"

"Nimwambie? Mimi?" Akacheka kile kicheko chake, kisha akaacha. "Wewe umwambie. Atakusikia, wewe ni mgeni."

Nilikwenda. Alikuwa akiosha gari. Nilizungukazunguka, mwishowe nikasema: "Mwalimu, acha niwapeleke mimi Bukoba. Nina leseni, naijua njia, mpakani wananifahamu."

Aliendelea kufuta kioo. Akaniuliza bila kunitazama, "Vibiriti ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja," alirudia, akamgeukia mkewe aliyekuwa mlangoni. "Mama Hadija, uko tayari kuwa wa kumi na mbili?"

Jirani aliyekuwa akipita aliangua kicheko. Nilicheka pia. Niliona aibu, nikacheka, na sikusema mara ya pili. Nilikuwa kijana, niliona nimejitolea na nimekataliwa, basi, yamekwisha. Sasa nina umri wa miaka arobaini na ushei, na ninajua kwamba watu wa aina yake huombwa mara tatu.

Ulipofika mwaka wa tisini na tatu Wazungu wengi walikuwa wakiondoka. Yule wa kahawa aliondoka kwa haraka na kumwachia Mwalimu ufunguo wa ile nyeupe. Aliileta nyumbani, akaiegesha kwenye mteremko mbele ya mlango, pua ikielekea bondeni, jiwe chini ya gurudumu. Kigali yote tuliegesha hivyo siku zile. Betri mpya hazikupatikana, kwa hiyo asubuhi unaondoa jiwe, gari linaserereka, unaingiza gia ya pili, unaachia klachi, linawaka. Lakini otomatiki haiwaki hivyo, naye alikuwa ametufundisha sisi wote jambo hilo. Nilipomkumbusha alisema, "Mukono ulizoea." Kisha akaifunika turubai, asiitazame tena.

Katika nusu ya pili ya mwaka ule paliingia utulivu. Mapatano yalitiwa saini, vizuizi vikapungua, watu wakaanza kupaka nyumba rangi. Mama Hadija alifunga sanduku. Nilikwenda nikawakuta wanabishana, yeye na mumewe, kwa sauti za chini.

"Iko nyeupe," alisema Mama Hadija. "Haina ambreyaji. Mguu mmoja unatosha. Kwa nini isiwe hiyo?"

"Batri ikikufa kwa pori huko Kibungo, utaisukuma wewe?"

"Nitaisukuma."

"Haiwaki kwa kusukuma, mama! Nimesema mara ngapi?"

"Basi tutembee!"

Mwalimu akanigeukia mimi, muuza vipuri. "Ambreyaji ya bluu imeisha. Inateleza. Nitafutie mupya, tutaenda."

Niliagiza seti ya klachi Dar es Salaam kwa madereva wa malori. Mmoja alileta ya gari jingine. Mwingine alisema ameisahau Dodoma. Nikaagiza tena. Ilichukua muda mrefu, na wakati tulipokuwa tukiisubiri utulivu ulikuwa ukiisha. Vizuizi vilirudi, na safari hii walisimama vijana wenye marungu pamoja na askari, na vijana hao hawakuwa wanafunzi wa mtu. Hata hivyo niliiona seti ile kama dawa. Ilipofika niliipeleka mwenyewe, imefungwa kwenye karatasi yenye grisi, na fundi akaifunga siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo tulipokosea sote watatu, watu wa kazi hii: yeye mwalimu, mimi wa dukani, na fundi. Klachi iliyochakaa huwa laini. Springi zake zimechoka, hata mtoto huikanyaga. Klachi mpya ni ngumu. Kila mmoja wetu alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na hakuna aliyelifikiria. Mwalimu aliingia garini, akaweka mguu, akakanyaga. Pedali ilishuka nusu. Akaweka mkono juu ya paja akasukuma. Ikashuka kidogo tena. Akashika goti kwa mikono yote miwili, mishipa ya shingo ikamtoka, goti likatoa mlio kama wa kuni, na mguu ukateleza pembeni. Gari halikwenda hata hatua moja.

Fundi alijifanya anatafuta spana.

"Ya zamani umeitupa?" Mwalimu aliuliza.

"Imekatika katika kufungua, Mwarimu."

"Sawa," alisema. "Sawa."

Kesho yake aliondoa turubai kwenye ile nyeupe. Nilimkopesha betri ya gari la duka bila kumwomba Tajiri ruhusa. Zile Jumapili aliiendesha kwenye barabara tupu, bila kusimamasimama; sasa akajifunza upya, katika umri ule, mtaani kwake, mbele ya watu aliowafundisha. Mguu wa kushoto ulikataa kusahau. Kila alipotaka kusimama ulitafuta klachi ukaikuta breki pana ya otomatiki, ukaikanyaga kwa nguvu zote zilizobaki, na Mama Hadija akapiga paji la uso kwenye kioo. Watu walicheka. Mwishowe aliukunja mguu ule chini ya kiti, na hapo akaweza. Nilimwona akishuka na kupanda kilima bila kelele, uso wake umelegea, nikamkumbuka mtu wa Jumapili aliyetoka kunyolewa. Nikadhani watafika.

Waliondoka asubuhi ya Jumatano. Adhuhuri walikuwa wamerudi. Mama Hadija ndiye aliyenisimulia, amekaa juu ya lile sanduku.

"Tumefika bariyeri ya njia ya Kabuga. Gogo liko barabarani. Amesimama vizuri. Kijana amesema leteni vitambulisho. Yeye amegeuka kutafuta kwenye koti, amenyanyua mguu."

Hakuhitaji kuendelea, nilikuwa nimeshaelewa. Gari la gia, ukishasimama, unaweka gia huru na miguu unaipumzisha. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Ile nyeupe ilikuwa bado kwenye gia. Aliponyanyua mguu ikaanza kwenda yenyewe, polepole, kuelekea kwenye gogo na kijana aliyesimama mbele yake.

"Wamepiga kelele, anakimbia, anakimbia! Wamempiga kwa kitako cha bunduki hapa. Wametutoa. Yeye anawaambia ni otomatiki, ni gari, si mimi. Kijana anauliza, otomatiki ndiyo nini? Anaanza kumfundisha, mwanangu. Damu inatoka puani na anamfundisha."

"Na vitambulisho?"

"Cha kwake wamerudisha. Changu wamekisoma, wamekaa nacho." Alitazama mikono yake. "Wamesema nitakikuta hapo siku nikirudi."

Bila kitambulisho hakuna kizuizi alichoweza kupita, na kwenda kukidai ni kujipeleka mwenyewe mikononi mwa waliokuwa wakimtaka. Mwalimu alirudisha ile nyeupe mahali pake, pua ikielekea bondeni, jiwe chini ya gurudumu. Nilipokwenda kuchukua betri yangu nilimkuta ameshaifungua na kuifuta. Hakuendesha tena gari lolote.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata Tajiri aliuza alichoweza na kupakia kilichobaki. "Tunaondoka kabla njia haijafungwa," alisema. Nilipaswa kuendesha pikapu, yeye na familia yake wakiwa mbele kwa gari jingine. Nilimwomba nafasi ya watu wawili. Aliniuliza kama wote wana karatasi. Nikaanza kukaza kamba za mzigo, naye akatazama pembeni.

Nilipita Nyamirambo kuaga. Mama Hadija alikuwa akichambua maharage mlangoni. Nilimwambia apande, nitamfunika kwa turubai kati ya makasha ya vipuri.

"Utanifikisha wapi? Kabuga?" alisema, kwa upole kama anayenipa njia. "Hapo watafunua, watakutoa na wewe. Wewe nenda. Ukimwona Hadija mwambie mvua imenyesha, maharage yamekuwa mazuri."

Mwalimu alinisindikiza hadi kwenye pikapu. Nilikuwa nimeiegesha kwenye ule mteremko chini ya msikiti, ikitazama juu, kwa kuwa njia ilikuwa imejaa. Niliingia, nikawasha. Alizunguka nyuma, akachelewa. Nilitazama kwenye kioo nikamwona anainama, mkono mmoja ameshika bodi, goti limenyooka halikunjiki, anasimamisha kitu chini.

"Ondoka," alisema.

Niliachia klachi nikisikiliza. Pikapu ilikuwa na mzigo mzito, kilima kikali, jasho likiniingia machoni. Nikaisikia ikijiinua, ikiniuliza. Nikaijibu. Ikapanda bila kurudi nyuma hata unene wa ukucha.

Juu ya kilima sikuweza kusimama, Tajiri alikuwa akipiga honi. Nilitazama kioo. Mwalimu alikuwa bado anahangaika kuinama. Akakiokota, akanyooka taratibu, akakiinua juu ya kichwa chake ili nikione. Kilikuwa kizima.